Mtafsiri wa Jiji Lililozama

Oktoba 9

Daktari Waruguru amenikataza kusema. Si kupunguza, ni kuacha kabisa, mpaka kidonda cha koo kipone na majibu ya kile kinyama alichokata yarudi. "Hata kunong'ona usinong'one, mzee," aliniambia. "Kunong'ona kunaumiza koo kuliko kuongea."

Binti yangu Sandra alinisindikiza mpaka hapa Tawa, akanipikia uji, akaniwekea mezani daftari hili na kalamu. "Baba, ukisikia hamu ya kusema, andika." Kisha akarudi kwake, mji wa Kabati, kwa watoto wake na cherehani yake.

Basi naandika. Mimi ni Mwau, mtafsiri wa filamu. Nakaa chumba cha nyuma cha ukumbi wa video wa Gathua, nyuma ya soko. Filamu inaongea Kiingereza kwenye kitambaa cheupe, mimi nashika maiki naongea juu yake kwa Kiswahili na Kikamba, sauti ya mwanamume, ya mwanamke, ya jambazi, ya mbwa. Nimeifanya kazi hii tangu Sandra akibebwa mgongoni. Sikumbuki siku niliyonyamaza kutoka asubuhi hadi jioni, labda siku ya leo tu.

Mvua bado.

Oktoba 10

Kimya. Jua kali. Nimekula isyo ya jana, mahindi na maharagwe.

Oktoba 12

Nilienda sokoni kununua nyanya. Mwuzaji aliuliza nataka ngapi, nikaonyesha kwa vidole, na papo hapo akaanza kunipigia kelele kana kwamba asiyesema hasikii pia. Kisha akamgeukia Kavata, anayeuza mbegu na ndengu kando ya ukumbi wetu, akamwambia mbele ya uso wangu, "Si huyu ndiye yule wa filamu za jini la baharini? Maskini, ameisha."

"Ameisha nani?" Kavata akasema. "Mpimie mtu nyanya."

Kavata tumekuwa majirani miaka mingi na nilimhesabu kuwa mwanamke mkali tu.

Oktoba 15

Nimetoa filamu zangu sandukuni kuzipangusa vumbi. Ninazo za kila aina, lakini zilizonijulisha kwa watu ni zile za zamani za miji iliyozama. Zinafanana kama watoto wa tumbo moja. Kuna meli. Kuna mwalimu mzee wa ndevu nyeupe ambaye wenzake wamemcheka. Kuna duara la chuma linaloshushwa baharini kwa mnyororo, na mnyororo lazima ukatike. Huko chini wanakuta jiji lenye nguzo na taa, na watu wamevaa nguo za kung'aa, hawajaona jua tangu enzi za babu zao. Kuna malkia. Kuna pweza wa mpira, na ukikaa benchi la mbele unauona waya unaomvuta mkono. Mwishowe jiji linabomoka. Kila mara linabomoka. Nguzo za mbao zinaelea juu ya maji na hakuna aliyewahi kulalamika.

Ninayoipenda zaidi haina hata jalada, jina lilishafutika. Hapa tunaiita Jiji tu. Mwalimu nilimpa jina Kilonzo, baharia nikamwita Nzioka, malkia akawa Mutindi. Watu wa Tawa hawakuwa na haja na majina ya Kizungu. Pale wageni wanapoingia ikulu wakichuruzika maji, malkia anatoa hotuba ndefu kwa Kiingereza. Mimi husema, "Nyinyi, mmeingia na viatu?" Zamani ukumbi ulikuwa unatikisika kwa kicheko.

Kiingereza changu ni cha darasa la saba. Mengi wanayosema siyajui. Naangalia uso. Nikiona mtu ana njaa, au ana uongo, au anaogopa na hataki ionekane, nasema hayo.

Oktoba 19

Ukumbi umefungwa tangu niugue, isipokuwa siku za mpira. Vijana wana simu, kila mtu ana ukumbi wake mfukoni. Leo nilimwona fundi na Gathua ndani, fundi anapima kwa futi ukuta hadi ukuta. Waliponiona Gathua akaanza kuongea habari za saruji.

Nadhani anataka kuufanya ghala. Angeniambia, lakini mtu asiyejibu ni rahisi kutoambiwa.

Oktoba 20

Mawingu upande wa Mbooni. Yamepita.

Oktoba 24

Gathua ana duka la vifaa vya ujenzi mbele, na ukumbi huu ni wake pia. Alikuja kutoka Nyeri akiwa kijana, akiuza viazi, akaoa huko kwao akarudi na mkewe Mukami, wakabaki. Watu humwita Baba Njogu kwa jina la mwanawe. Miaka yote hii filamu ikianza yeye hukaa mlangoni kwenye kigoda, mgongo kwa picha, uso kwa barabara, asije mtu akajipenyeza chini ya pazia. Tumefanya kazi pamoja lakini hatujawahi kuongea jambo lisilo la kazi.

Jioni hii alikuja chumbani kwangu na thamosi ya chai. Akakaa kwenye kitanda, maana kiti nilikuwa nacho mimi. Alinyamaza mpaka nikafikiri naye amekatazwa na daktari.

"Mwau," akasema, "unajua tangu Mukami afariki sijaongea na mtu jioni? Mchana naongea. Misumari, mabati, bei imepanda, bei imeshuka. Jioni naongea na nani? Njogu anapiga simu Jumapili. Anauliza nimekula. Nasema nimekula. Basi."

Nilimwangalia. Ningekuwa na sauti ningemwambia pole, ningetia na utani, na angecheka akaondoka. Sikuwa nayo. Akaendelea mpaka chai ikapoa. Aliniambia jinsi Mukami alivyokuwa akisikia baridi hata Tawa hapa, analala na sweta.

Alipoondoka alisema, "Asante kwa mazungumzo." Sijui kama alikuwa anatania.

Oktoba 27

Gathua tena. Chai.

Oktoba 29

Gathua. Nimejua sasa mambo mengi kuhusu viazi.

Novemba 2

Mvua! Ilianza saa nane mchana, upepo kwanza, halafu matone makubwa yaliyorusha vumbi, halafu ikamwagika. Kavata alikimbia kufunika magunia yake huku akicheka. Harufu ya ardhi iliingia mpaka ndani ya blanketi. Chumba changu kinavuja mahali pawili. Niliweka sufuria, nikaweka na karai.

Watu wote walikuwa wanapiga kelele za furaha barabarani. Nami nilisimama mlangoni mdomo wazi kama samaki.

Novemba 4

Wote wako shambani. Soko ni tupu. Hata Gathua hakuja.

Novemba 6

Majibu yametoka. Niyaandike kama daktari Waruguru alivyoyasema, maana hakuzunguka.

Ni kansa. Imekaa kwenye kisanduku cha sauti. Haijasambaa, na hilo ni jambo zuri, alilirudia. Dawa na mionzi peke yake hazitatosha kwa jinsi ilivyokaa. Kinachofaa ni kukitoa kisanduku chote. Nitapumua kupitia tundu hapa shingoni. Nitakula kama kawaida. Sitasema tena.

"Kuna vifaa," alisema. "Kuna kimoja unakibonyeza shingoni kinatoa sauti kama ya mashine. Wengine hujifunza kuongea hivyo."

Niliandika kwenye karatasi: *Na nikikataa?*

Akaisoma, akaivua miwani. "Ukikataa, mzee wangu, sauti itaondoka hata hivyo. Na itakuchukua wewe nayo. Labda mwaka."

Nimerudi Tawa. Nimelala na viatu.

Novemba 7

Mvua.

Novemba 8

Mvua. Nimekataa. Nimemwandikia Sandra ujumbe kwa simu: *Nimekataa.* Mtu azikwe na kile alichozaliwa nacho.

Novemba 11

Sandra alifika asubuhi matope yamempanda hadi magotini. Hakunisalimu. Aliweka mfuko wa maembe mezani, akasimama.

"Nionyeshe hiyo karatasi umeandikia daktari."

Nikamwonyesha.

"Daktari ameniambia mwaka mmoja. Mwaka mmoja wa kufanya nini? Ukumbi umefungwa, Baba. Utatafsiria nani?"

Nikachukua daftari jingine nikaandika kwamba sauti yangu ndiyo iliyomsomesha, ndiyo iliyomlea. Sikujua maandishi yanaweza kupiga kelele, lakini kalamu ilitoboa karatasi.

Alisoma. Akaketi. Aliposema tena sauti yake ilikuwa chini sana.

"Mimi na Mama tulikuwa tunakusikia kupitia ukuta. Malkia anacheka, baharia analia, watu wanapiga makofi. Mama ananiambia, sikiliza, huyo ni baba yako. Halafu unarudi nyumbani. Umemaliza maneno. Unakula, unalala. Nikikuuliza kitu unaonyesha koo, kwamba limechoka." Akajifuta uso kwa kanga. "Sauti walipewa watu wa Tawa. Mimi nilikuwa na redio. Sasa nataka baba, hata kama hasemi. Huyo asiyesema nilishamzoea."

Nilifunika kalamu, nikafunga daftari.

Aliosha vyombo vyangu vyote, hata vilivyo safi, akaenda kabla mto haujajaa. Maembe ni matamu. Siwezi kuyameza vizuri.

Novemba 12

Sijaandika kitu.

Novemba 14

Fundi amerudi na vijana wawili, wamepanda juu ya paa. Si ghala. Gathua anabadilisha mabati upande wa chumba changu. Ndicho walichokuwa wanapima. Nilitoka nikasimama chini yao nikiwa na aibu ambayo hakuna aliyeijua ila mimi.

"Yatafika nusu tu," Gathua alisema, "mengine yako njiani, barabara imekatika. Usihamishe sufuria bado."

Novemba 16

Kavata ananipitishia uji asubuhi. Anaweka dirishani, hagongi. Nikilirudisha bakuli anasema, "Umemaliza? Hujamaliza. Nitajua kesho."

Novemba 19

Nitaandika polepole.

Mchana wa leo mbingu ilifunga kabisa. Mvua ilikuja na mawe. Niliufunga mlango kwa komeo kwa sababu ya upepo, nikakaa kitandani kula kipande cha embe. Sijui kilipita wapi. Kilikwama, au ule uvimbe ulivimba zaidi, sijui. Hewa ikakatika. Ninaposema ikakatika sisemi ilipungua. Ilikuwa kana kwamba mtu amefunga mfereji.

Nilisimama nikajipiga kifua. Hakuna. Nilitaka kumwita Kavata. Yuko upande wa pili wa bati, ningenyoosha mkono ningemgusa isingekuwa hilo bati. Nikafungua mdomo kwa nguvu zote nilizokuwa nazo na hakikutoka hata kikohozi cha paka. Nikapiga bati kwa ngumi. Mvua nayo ilikuwa inapiga bati, mawe yanapiga bati, nchi nzima ilikuwa inapiga bati. Ngumi yangu ilikuwa jiwe moja kati ya mawe.

Nimewahi kuwasemea watu wengi wakifa majini. Nzioka anapokwama kwenye mlango wa chuma maji yakipanda, nilikuwa na maneno mazuri ajabu ya kumpa. Anamkumbuka mamake, anawaaga wenzake. Ni uongo. Mtu akikosa pumzi hana hata neno moja. Ana miguu na mikono tu inayotaka kuishi.

Komeo lilinishinda. Liliniteleza mara nyingi. Mwishowe niliuangukia mlango wote kwa bega na bawaba ya chini ikang'oka, nikaanguka nje kwenye matope uso chini. Labda ule mshtuko ndio uliokitoa kile kipande. Hewa ilipita kidogo, kama uzi. Mvua ya mawe inanipiga kisogo na mimi navuta huo uzi.

Kavata aliniona. Alikuja bila kujifunika kichwa, akaniinua nikae, akanipiga mgongoni kwa kiganja kile kinachobeba magunia. "Vuta. Toa. Vuta. Usinifie hapa, Mwau, nimekukataza." Gathua akaja na mwavuli ambao upepo ulikuwa umeshaugeuza. Wakakaa nami matopeni, wote wawili, mpaka niliporudi.

Nilidhani siogopi kufa. Nilikuwa naogopa kunyamaza tu, nikaona ni jambo moja. Si moja.

Novemba 20

Nimemwandikia Sandra: *Mwambie daktari niko tayari.* Akapiga simu. Nikaipokea. Nilisikia watoto wake wakigombana nyuma. Kisha akasema, "Sawa, Baba," akakata.

Novemba 23

Tarehe imepatikana: mwanzo wa Desemba. Daktari amemwambia Sandra kwamba sasa, kwa kuwa kisanduku kitatoka, nikitaka kusema kidogo niseme. Hakitaharibika zaidi.

Hii ruhusa imenikaa vibaya. Nimejaribu leo. Kimetoka kitu cha kukwaruza, kama mlango wa ile meli ya kwenye filamu. Nimesema, "Mimi ni Mwau." Hakukuwa na mtu.

Novemba 25

Nimemwandikia Gathua kwamba siku ya soko nataka kuonyesha Jiji. Mchana, bila malipo. Mara moja tu.

"Utaweza?" aliuliza.

Nikasema kwa sauti, "Kidogo." Aliruka. Ilikuwa mara ya kwanza anisikie tangu Oktoba. Akaandika tangazo kwa chaki kwenye kipande cha mbao, akalitundika nje ya duka lake.

Novemba 27

Hakuja mtu.

Si kosa lao. Mvua ilianza alfajiri, mito yote ya mchanga imejaa, wa ng'ambo hawakuvuka, wa huku walikimbilia mashamba yao kuona kama kunde zimesombwa. Soko lilivunjika kabla ya saa sita. Kavata mwenyewe alipigiwa simu kwamba ukuta wa jiko lake umeanguka. Alinishika mkono, akasema, "Nilikuwa nakuja, wallahi," akaondoka kwa miguu. Kavata ni shemasi wa kanisa la kiinjili na sijui hiyo wallahi aliitoa wapi.

Stima ilikuwa imepotea. Gathua aliwasha jenereta. Nikafuta benchi, nikaweka filamu, nikashika maiki. Gathua akachukua kigoda chake akakaa mlangoni, mgongo kwa picha, uso kwa barabara iliyojaa maji.

Nikamngoja. Hakugeuka. Nikasema kwenye maiki, na spika zikaukwaruza ukumbi mtupu, "Baba Njogu. Unamlinda nani?"

Akageuka. Aliangalia mabenchi, akaangalia pazia. Kisha akainua kigoda chake, akakileta ndani, akakiweka mbele kabisa, akavua kofia.

Niligundua hapo kwamba hajawahi kuiona. Miaka yote. Ameisikia sauti yangu mgongoni mwake kama mtu anayesikia majirani wakigombana, lakini picha zenyewe hakuzijua. Meli ilipotokea alisema, "Aa, kumbe ndiyo meli." Mnyororo ulipokatika alisimama. Malkia alipoingia, Gathua aliuliza, "Huyo ndiye Mutindi? Nilidhani ni mnene."

Nilisema. Sauti haikuwa nzuri. Iliingia na kutoka, mahali ilipotoka nilipiga mluzi, nilipiga meza, nilipumua tu. Lakini viatu nilivisema. "Nyinyi, mmeingia na viatu?" Gathua alicheka mpaka akashika magoti. Mtu mmoja akicheka katika ukumbi mtupu, kicheko kinarudi kwake kutoka ukutani. Pweza alipokuja alisema, "Waya! Mwau, kuna waya!" kwa furaha kubwa.

Karibu na mwisho jiji linaanza kutikisika. Nzioka anamwomba malkia aingie naye kwenye lile duara la chuma wapande juu, kuna nafasi moja. Malkia anageuka kuliangalia jiji lake. Halafu anamjibu. Kwa Kiingereza anasema maneno marefu. Mimi siku zote humpa haya: "Nendeni. Mkiulizwa mliona nini, semeni ni maji tu." Hapo ndipo wanawake walipokuwa wakilia.

Nilifungua mdomo. Hakuna. Nilijaribu tena. Hewa tupu iligonga maiki.

"Anasema nini?" Gathua akauliza, macho kwenye picha.

Nikajaribu tena.

"Mwau, mama anasema nini?"

Aligeuka akaniona. Hakuuliza tena. Akaigeukia filamu, na tukaiangalia inaisha hivyo, yeye haelewi na mimi siwezi. Nguzo zikaanguka. Maji yakafunika. Mwalimu Kilonzo akavua kofia juu ya sitaha. Mvua ilikuwa inapiga mabati mapya na ya zamani, kila moja kwa sauti yake.

Gathua alizima jenereta. Aliniongoza hadi chumbani kwa kunishika kiwiko, kana kwamba ni macho yaliyokuwa yanaugua.

Desemba 2

Wodi. Kesho asubuhi. Sandra yuko. Nimebakiwa na neno moja au mawili, nimempa. Sitayaandika hapa.

Desemba 6

Naishi.

Desemba 7

Naumwa. Napumulia shingoni. Nikikohoa inatoka hapo. Muuguzi amenipa kioo, nimekirudisha.

Desemba 12

Nimejiangalia.

Desemba 25

Kabati, kwa Sandra. Mbuzi, chapati, wajukuu. Mdogo ameuliza kama naweza kunywa soda kupitia lile tundu. Mamake akamchapa. Mimi nilicheka. Kucheka kwangu sasa ni mabega tu, na hakuna aliyejua kwamba nacheka.

Watu wa kanisa la Sandra walikuja kuomba. Waliomba vizuri. Halafu waliongea wao kwa wao juu ya kichwa changu mpaka jua likashuka.

Desemba 30

Sandra anashona, mimi nakata nyuzi. Tunashinda hivyo. Leo alianza kunisimulia mambo ya marehemu mamake ambayo sikuyajua. Nilikuwa nikidhani niliishi na mke wangu.

Januari 6

Nimemwambia narudi Tawa. Alikasirika, akanipakia ndengu.

Januari 8

Mvua imekwisha. Nimefika wakati wa soko, ndengu zimeanikwa kila mahali hata barabarani. Watu waliniona shingo imefungwa kitambaa, wakaniamkia kwa mbali.

Nilipokaribia ukumbi nikasikia spika. Nikasikia kicheko, kicheko cha watu wengi. Na juu ya kicheko, sauti ya mtu akitafsiri Jiji.

Alikuwa Gathua. Kikamba chake kibaya, kile kinachotembea na lafudhi ya Nyeri. Baharia alikuwa anaongea kama mtu anayepunguziwa bei ya saruji. Pweza alikuwa amepewa jina la mkaguzi wa mizani. Alikuwa anachelewa, mtu amefunga mdomo kwenye picha ndipo yeye anaanza kumsemea, na watu walikuwa wanakufa kwa kucheka.

Sikuingia. Nilizunguka nyuma, nikafungua chumba. Paa lote lilikuwa jipya. Kavata alikuwa amefagia. Nikakaa kitandani nikisikiliza kupitia ukuta watu wakicheka filamu yangu bila mimi, na nikajua jinsi ilivyokuwa kwa Sandra.

Kisha malkia akafika kwenye swali la Nzioka. Nikasimama. Nikamsikia Gathua akisema, "Ngojeni nichukue sweta."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko; wao hawakuijua sweta ya Mukami. Baadaye kidogo, kwa sababu picha inaonyesha wazi kwamba malkia hakutoka, nikamsikia akihangaika: "Amerudi ndani. Amesahau kitu. Anakuja, anakuja…" Na jiji likabomoka, na sauti yake ikapotea kabisa, na watu nao wakanyamaza.

Jioni alikuja na chai. Sikujua niangalie wapi, wala yeye. "Walikuja kuniuliza," alisema. "Soko zima. Walisema hawakuiona kwa sababu ya mvua ile. Nikasema nitajaribu." Akazungusha kikombe. "Niliharibu."

Sikuandika jibu. Nilikuwa na wivu, na nilitaka naye alale akijua hivyo.

Januari 9

Upepo. Kavata anapepeta ndengu. Alinipa ungo nimsaidie.

Januari 12

Gathua hakuja jana wala leo.

Januari 15

Soko. Tangazo la chaki lilikuwa nje tena. Niliingia kabla ya kuanza. Ukumbi ulijaa, wanawake na ungo zao, wazee, hata wale wa simu. Watu wakasogea kunipa nafasi benchi la mbele. Sikukaa. Nilienda mpaka pale Gathua aliposimama na maiki, mikono yake imelowa jasho, nikasimama nyuma yake, nikaweka mkono begani mwake.

Midomo ya watu wa Jiji naijua kuliko midomo ya ndugu zangu. Najua baharia anavuta pumzi kabla ya kusema. Najua mwalimu hukunja jicho. Kabla tu kinywa hakijafunguka, nilimbonyeza bega Gathua. Mara ya kwanza alishtuka akaniangalia. Nikambonyeza tena. Akasema. Neno likaanguka mahali pake, ndani kabisa ya mdomo wa Nzioka.

Baada ya hapo hakugeuka. Nilibonyeza, akasema. Niliinua mkono, akanyamaza. Katika ukimya ule watu waliisikia bahari ikivuma kwenye spika, kitu ambacho mimi, kwa kuongea kwangu, sikuwahi kuwaachia.

Tukafika kwa malkia. Jiji linatikisika. Nzioka amemwomba. Malkia amegeuka, ameangalia nguzo zake, anarudisha uso. Nikambonyeza Gathua.

Alikawia. Nilisikia bega lake likipanda chini ya kiganja changu.

"Nenda," akasema, taratibu, kwa lafudhi yake ile. "Mimi nimezoea hapa. Lakini ukifika, piga simu."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja mbele alijifuta kwa ncha ya leso. Hayakuwa maneno yangu, na yalikuwa ya kweli. Niliondoa mkono begani mwake, nikamwacha aseme mwenyewe mpaka maji yakafunika kila kitu.